Ngoma ya Köln na bibi tuliyemtenga

Kesho Jumatatu, wakati sisi wa Lushoto tutakuwa mashambani kama kawaida, mji wa Köln huko Ujerumani utasimama. Watu wanaokadiriwa kufika milioni moja watajipanga kando ya barabara, wamevaa kama maharamia, watawa, nyuki na wafalme, na magari yaliyopambwa yatapita mbele yao kwa saa nyingi yakirusha pipi. Keshokutwa usiku yote yatakwisha. Jumatano ni Jumatano ya Majivu, na baadhi ya hao waliokuwa wakiruka barabarani watapiga foleni kanisani kupakwa majivu kwenye paji la uso. Nayajua haya kwa sababu mwaka jana nilikuwapo. Nilirudi na deni, na nimeona nilisimulie hapa kwa kuwa sidhani kama ni langu peke yangu.

Tulikuwa wageni wa usharika rafiki, si mbali na Wuppertal. Wasomaji wa Usambara hawahitaji kuelezwa urafiki huo ulitoka wapi. Kwa wengine niseme tu kwamba wamisionari wa kwanza wa Kilutheri milimani kwetu, Wohlrab na Johanssen, walifika Mlalo mwaka 1891. Kituo chao wakakiita Hohenfriedeberg, kama vile Lushoto yenyewe ilivyoitwa Wilhelmstal siku hizo. Misheni yao, ambayo baadaye tuliijua kama ya Betheli, iliungana na Misheni ya Rhein mwaka 1971, na hapo ikazaliwa UEM yenye makao yake Wuppertal. Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki ni mwanachama. Ndiyo maana wao huja kwetu wakala ugali, nasi huenda kwao tukala viazi.

Ziara yetu iliangukia Februari. Mwenyeji wangu, mzee wa kanisa mstaafu wa miaka zaidi ya 70, aliniuliza kwa aibu kidogo kama ningependa kuona kanivali. Nilidhani ni maonyesho ya kilimo. Nikakubali. Tarehe 12 Februari 2024 tukapanda treni kwenda Köln, safari ya nusu saa hivi, na ndani ya behewa nikajikuta nimekaa kati ya kuku mmoja na mapadri wawili ambao hawakuwa mapadri.

Baridi ya siku ile ilikuwa kama ya Magamba mwezi wa saba, ila haina jua la saa sita la kuikata. Mwenyeji wangu akanipa mwavuli. Nikasema mvua hainyeshi. Akacheka, akaufungua na kuupindua juu chini kama ungo, akaniambia ndivyo unavyoshikwa Köln. Muda si mrefu nikaelewa. Watu wanapaza sauti “Kamelle!”, yaani pipi, na kutoka juu ya magari zinamwagwa pipi, chokoleti na vifurushi vya biskuti, pamoja na maua madogo. Wenyewe husema zinarushwa karibu tani 300 kwa siku hiyo moja. Nilisimama pale, mzee wa kanisa, baba wa watoto wanne, nimeinua mwavuli juu chini, nami napaza sauti “Kamelle!” Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Sijacheka hivyo tangu utotoni.

Ngoma zilikuwa nyingi. Matarumbeta, matari, na ngoma kubwa za kufunga tumboni ambazo mshindo wake unausikia kwenye mbavu. Kulikuwa na vinyago. Kulikuwa na wanaume waliovaa gauni, akiwamo mmoja mwenye cheo rasmi: kanivali ya Köln huongozwa na watu watatu, Mwana wa Mfalme, Mkulima na Bikira, na huyo Bikira kwa desturi ni mwanaume. Walipita pia askari waliovaa nyekundu na nyeupe, na bunduki za mbao zilizochomekwa maua mdomoni. Wakasimama, wakageuziana migongo na kuchuchumaa kidogo, wakaanza kusuguana makalio kwa mpigo wa ngoma. Nilidhani nimeona vibaya. Mwenyeji wangu akanieleza kwamba kikundi hicho kilianzishwa mwaka 1823, mwaka uleule maandamano yalipopangwa upya, kuwadhihaki askari wa zamani wa mji. Watu wa Köln walikuwa wametawaliwa na Wafaransa, kisha wakaja Waprusia na gwaride lao. Kucheza uaskari kwa kusugua makalio ilikuwa njia yao ya kusema bila kufungwa.

Hapo nikaikumbuka beni. Wazee wa Tanga wanaijua: ngoma iliyoanzia pwani mwishoni mwa karne ya 19 ikasambaa bara, watu wakivaa kama maofisa, wakipeana vyeo vya kijeshi na kupiga kwata kwa tarumbeta na ngoma. Hao hawakuwahi kusikia habari za Köln. Binadamu aliyepigishwa kwata na mgeni, ikifika jioni, ataicheza hiyo kwata.

Basi nikiwa katikati ya kicheko hicho nikamkumbuka bibi mmoja, na kicheko kikakatika.

Niliseme wazi. Mimi ni katibu wa baraza la wazee katika usharika wetu huku milimani. Miaka mitano kabla ya safari ile, tulimtenga mama mmoja mjane. Ni mwanakwaya wa zamani, mtu wa kuamka alfajiri kufagia kanisa bila kuombwa. Kosa lake lilikuwa hili: mjukuu wake alifunga ndoa kanisani siku ya Jumamosi, na jioni nyumbani, wageni walipokwisha kula, mama huyu aliingia uwanjani akaongoza mdumange. Kwa wasioujua, mdumange ni ngoma ya Wasambaa. Mtu akatuletea habari. Tukakaa kikao. Tukaamua asishiriki Meza ya Bwana kwa miezi sita, kisha asimame mbele ya usharika atubu ndipo arudishwe kundini. Barua niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu, ikasomwa kwenye matangazo kati ya habari za mnada wa mavuno na za kikao cha vijana.

Alipoitwa kujieleza alisema maneno machache tu. Alicheza kwa sababu mjukuu wake ameolewa. Miezi sita ikapita, akakataa kusimama. Si kwa kiburi. Alituambia kwa upole kwamba hajui aombe msamaha wa nini, na hawezi kumdanganya Mungu mbele ya watu. Kwa hiyo miezi sita ikawa miaka. Kila Jumapili anakuja, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na siku za Chakula cha Bwana, mchungaji anapoanza kuandaa meza, yeye huinuka na kutoka taratibu. Tulizoea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: tulizoea kumwona akitoka.

Sasa mimi niliyemwandikia barua ile niko ugenini, mikono juu, nacheza kwa ngoma za watu. Na walionizunguka ni Wakristo wenzangu Walutheri, wa kabila lilelile lililotuletea Injili. Babu yangu, aliyebatizwa Mlalo, alisimulia kwamba siku alipoandikishwa darasa la ubatizo aliambiwa achague: ngoma au Kristo. Nikawaza, kumbe! Kwetu walikataza ngoma, kwao wanazo mpaka kwenye magari! Nikaona moyo wangu unapata mtu wa kumlaumu, na ukweli ni kwamba nilifurahi kumpata.

Nilimwambia mwenyeji wangu hivyo kwenye treni ya kurudi, kwa ukali kiasi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye, mtoto wa mchungaji, alikanyaga kanivali kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 40. Baba yake aliwafungia watoto ndani Jumatatu ile, na alama ya makosa yao ilikuwa pipi yoyote itakayokutwa mfukoni. Kanivali, akaniambia, ni mambo ya Wakatoliki wa mto Rhein. Walutheri walio wengi waliikimbia tangu wakati wa Matengenezo. Akanipa habari ya Nürnberg. Mwaka 1539, katika maandamano ya mji ule, watu walimdhihaki mhubiri wa Kilutheri Osiander kwa kumweka ndani ya jahazi la wapumbavu. Osiander akalalamika, baraza la mji likapiga marufuku maandamano yale, na hayakurudi tena.

Nikanyamaza. Kumbe hawakutuficha kitu. Walitukataza kilekile walichokuwa wamewakataza watoto wao. Sababu haikuwa Uafrika wetu tu. Kulikuwa na hofu ya zamani zaidi, ya mchungaji kuchekwa. Na baraza la Nürnberg lililokaa kikao kwa sababu hiyo halikuwa na tofauti kubwa na letu.

Nisije nikaeleweka kwamba naitukuza kanivali. Ilipofika saa tisa alasiri niliona vijana wamelala juu ya chupa zilizovunjika, na binti mmoja akilia peke yake kwenye ngazi bila kiatu kimoja. Na kuna jambo jingine. Kituoni, tukisubiri treni, lilikuja kundi la vijana waliojipaka masizi usoni, wamevaa sketi za majani na mifupa ya plastiki shingoni. Waliponiona wakasita. Mmoja, kwa kutaka kulitengeneza, akainama na kuniambia “hakuna matata”. Nikajibu “marahaba”, ingawa hakuniamkia. Akanipa chokoleti. Mwenyeji wangu akawa mwekundu kama nyanya ya Soni, na hakuna aliyecheka tena mpaka treni ilipofika.

Vicheko havilingani. Yule askari anayesugua makalio anamcheka mwenye bunduki. Wale vijana walikuwa wakimcheka mtu ambaye hakuwapo kujitetea, ila kwa bahati mbaya yao siku ile alikuwapo. Köln wenyewe wanalijua hilo, na wanalo doa kubwa kuliko masizi. Mwaka 1934, mwaka mmoja baada ya Hitler kushika madaraka, katika maandamano hayohayo lilipita gari la kuwadhihaki Wayahudi waliokuwa wakiikimbia nchi, na watu wakacheka. Tunajua yaliyofuata. Lakini mji huohuo, mwezi Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine wiki ileile ya kanivali, wenye kanivali waliacha sherehe yao ya Jumatatu na kuitisha maandamano ya amani. Walitoka watu wapatao 250,000, wengine bado wamevaa mavazi yao ya sherehe. Ngoma ni zilezile na barabara ni zilezile. Tofauti ni nani aliyekuwa akiumizwa, na kama wachezaji walimwona.

Hili ndilo ambalo naamini mabaraza yetu ya wazee yamelikosa kwa muda mrefu. Tukisikia ngoma, tunauliza ngoma gani, saa ngapi, nani alipiga. Hatuulizi nani aliumia. Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu limetolewa kwenye kikao chetu: ukiufungulia mlango mdumange leo, kesho ataingia mganga na kuku mwekundu. Sipuuzi hofu hiyo. Zipo ngoma za tambiko, na Mkristo anayekwenda kumwomba marehemu badala ya Mungu anahitaji kufundishwa. Yapo pia madisko ya usiku kucha yanayofanyika kwenye harusi za waumini, watoto wa shule wakiwa humo, na mashangingi ya wakubwa yameegeshwa nje. Hayo hatujawahi kuyaandikia barua. Bibi yule hakumwita mzimu. Alicheza nyumbani kwake, amevaa kitenge, kwa ajili ya ndoa iliyobarikiwa na mchungaji wetu mchana wake.

Jumanne usiku mwenyeji wangu alinirudisha Köln nione mwisho wake. Tulisimama mbele ya baa moja. (Ndiyo, mzee wa kanisa mbele ya baa. Wenye kuandika mashitaka waandike pia kwamba nilibaki nje.) Juu ya mlango alikuwa ametundikwa mtu wa majani aliyevishwa suruali na koti kuukuu. Wanamwita Nubbel. Wakamshusha, mmoja akajifanya kasisi na kumsomea mashitaka. Nani alimaliza pesa zetu? Nubbel! Nani alitunywesha? Nubbel! Nani alimbusu mke wa jirani? Nubbel! Kisha wakamchoma moto, wengine wakilia kwa mzaha, na ilipofika saa sita usiku kanivali ikawa imekwisha.

Walutheri wenzangu waliosoma Mambo ya Walawi sura ya 16 watamkumbuka mbuzi wa Azazeli, aliyebebeshwa dhambi za watu na kupelekwa jangwani. Mimi nilipouangalia ule moto niliikumbuka ajenda ya kikao chetu cha mwaka ule. Sikuihitaji karatasi, naijua kwa moyo. Kabla ya habari ya bibi kulikuwa na habari ya kijana mmoja aliyempa mimba binti wa kipaimara. Baba wa kijana alikuwa ametuahidi mabati. Tuliazimia “kumshauri kwa upole”. Binti tulimtenga, kijana tulimshauri. Kisha tukafika kwenye mdumange, na ghafla kila mtu akawa na uchungu kwa ajili ya utakatifu wa kanisa. Tulipiga meza. Tulihitaji mtu wa kuchoma, asiye na mabati.

Tofauti ni kwamba Nubbel wa Köln ni majani, na kila mtu pale anajua kwamba ni majani.

Nimehubiri mara mbili juu ya 2 Samweli sura ya 6. Daudi anacheza mbele ya sanduku kwa nguvu zake zote, na Mikali binti Sauli anamwangalia kutoka dirishani na kumdharau moyoni. Mara zote mbili nilimtumia Mikali kuwasema wanaochukia kwaya za vijana. Haikunijia kwamba lile dirisha lingeweza kuwa la ofisi ya usharika.

Niliporudi, wiki ya pili ya Kwaresma, nilikwenda kwake. Nilimkuta anachambua maharage uani. Nikamwamkia, akaniitikia na kunipa kigoda. Nikamsimulia yote: mwavuli, askari, wale vijana wa masizi, mtu wa majani. Alicheka sana kwa habari ya makalio. Halafu akaniuliza, “Na huko, mwanangu, walikutenga?” Nikasema hapana. Akaendelea kuchambua maharage. Nikampa chokoleti iliyobaki kwenye koti langu, ileile niliyopewa kituoni. Akaipokea kwa mikono miwili na kuifunga kwenye pembe ya khanga. Meno hana, alisema, atampa kitukuu.

Baraza letu lilikaa mara tatu juu ya jambo hili mwaka jana. Halikuwa rahisi, na wazee wawili hadi leo hawanisalimii vizuri. Mwishowe tukakubaliana arudi Mezani bila kusimama mbele ya watu. Tulidhani atafurahi. Akatujibu kwamba barua ya kumtoa ilisomwa mbele ya watu wote, basi na ya kumrudisha isomwe mbele ya watu wote, na isiseme amesamehewa, iseme baraza lilikosea. Akasema na yule binti aliyepewa mimba awemo kwenye barua hiyohiyo, kwa sababu naye alisomwa. Hatukuwa tumemfikiria binti. Bibi alikuwa amemfikiria, miaka yote hiyo akiwa benchi la nyuma.

Barua inasomwa leo. Nimeiandika kwa mwandiko wangu kama ile ya kwanza, na kwa kuwa mimi ndiye katibu, mimi ndiye nitakayesimama mbele kuisoma. Jana jioni bibi alinitumia mtoto kuuliza kama itasomwa ibada ya kwanza au ya pili, maana mjukuu wake, yule wa harusi, anakuja na basi la asubuhi kutoka Korogwe na angependa amsubiri.